Fiqhi ya Kumrudishia Mchuuzi Mtaji Wake Wakati wa Tauni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria ilituingilia mwishoni mwa Aprili 2020 hali milango ya misikiti mingi imefungwa. Nchini Kenya amri ya kutotoka nje usiku ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale wa Mombasa, pamoja na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, ukafungwa usiingiwe wala kutokwa, na masoko na hoteli za ndani yake zikafungwa pia. Hali hiyo ilidumu mpaka mwanzoni mwa Juni. Anayeijua miji ya pwani anajua maana ya amri hizo kwa mtu mdogo wa biashara. Mama anayekaanga kaimati na viazi vya karai, muuza mkate wa mofa, muuza tende, wote hao soko lao la Ramadhani ni baina ya alasiri na isha. Ama fundi cherehani, kwake yeye Ramadhani ndiyo mwaka mzima. Nguo za Idi ndizo zinazomlipia kodi ya duka katika miezi ambayo hakuna mtu anayeshona.

Serikali ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, na kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 3 hadi 1. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini mama wa kaimati hakuwa na daftari la kodi hata apunguziwe.

Katika siku hizo nilikaa katika kikao cha kamati ya msikiti mmoja wa pwani. Tulikuwa watu watano, tumekaa mbalimbali barazani. Msikiti ule una maduka ya wakfu, na kodi yake ndiyo inayolipa umeme, maji na posho ya muadhini. Wapangaji walikuwa hawajalipa miezi mitatu. Mzee mmoja akasema: "Mali hii ni ya wakfu, si yetu. Hatuna mamlaka ya kuisamehe." Mwingine akajibu: "Na hawa ni watu tunaosimama nao safu moja. Tuwatoe?" Kisha wote wakanigeukia mimi. Nilichokuwa nacho kichwani ni lile nililosomeshwa katika Minhaj, kwamba mkataba wa kukodi hauvunjiki kwa udhuru wa mkodishwaji. Nikalisema hilo, nikanyamaza. Nililolisema lilikuwa sahihi katika madh-habu yetu, lakini nilirudi nyumbani moyo wangu haukutulia, kwa sababu nilijua kwamba nimesoma mlango mmoja wa kitabu na kuuacha mwingine. Makala haya ni matokeo ya kuurudia ule mlango mwingine.

Asili ya mas-ala haya

Wanachuoni wanaliita janga linaloharibu mali ya mtu bila ya kosa lake "jaiha". Asili yake ni Hadithi mbili alizozipokea Imamu Muslim katika Sahihi yake. Ya kwanza, kutoka kwa Jabir bin Abdillah (r.a.), maana yake ni kwamba mtu akimuuzia ndugu yake matunda kisha yakapatwa na janga, si halali kwake kuchukua chochote, kwani kwa haki gani ataila mali ya ndugu yake? Ya pili, kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (r.a.), inaeleza kisa cha mtu aliyenunua matunda yakaharibika na deni likamzidi. Mtume (s.a.w.) akawaamrisha watu wamtolee sadaka. Wakatoa, lakini haikutosha kulipa deni lote. Hapo akawaambia wadai wachukue kilichopatikana, na kwamba hawana zaidi ya hicho.

Imamu Malik (r.a.) alishika Hadithi ya Jabir akasema kwamba hasara ikifika thuluthi, muuzaji atampunguzia mnunuzi. Imamu Ahmad (r.a.) hakuweka kiwango hicho cha thuluthi katika kauli yake mashuhuri. Imamu Shafii (r.a.) katika kauli yake ya zamani alikuwa karibu nao, kisha katika kauli mpya, ambayo ndiyo tunayoifuata, akasema kwamba kusamehe ni jambo linalopendekezwa, si la wajibu, maadamu mnunuzi amekwisha kukabidhiwa matunda. Dalili ya madh-habu ni kisa hichohicho cha Abu Said: lau kuondoa deni lile kungekuwa wajibu, kusingekuwa na haja ya watu kuamrishwa kutoa sadaka.

Tulitafakari hili, kwani wengi hulipita haraka. Hoja yenyewe inatuonyesha kwamba mzigo ambao madh-habu hayakumtwika mdai, haukuachwa juu ya mgongo wa mdaiwa. Umehamishiwa kwa jamii. Mwenye kuishika nusu ya kwanza ya hoja na kuiacha ya pili, huyo hakumfuata Imamu Shafii.

Mkataba wa duka

Katika ukodishaji tofauti za wanachuoni ni kubwa zaidi. Mahanafi wameruhusu mkataba uvunjwe kwa udhuru, na miongoni mwa mifano iliyomo katika Al-Hidaya ya Al-Marghinani, aliyefariki mwaka 593 Hijria (1197), ni mtu aliyekodi duka sokoni ili afanye biashara, kisha mali yake ikapotea. Mfano huu ni kana kwamba uliandikwa kwa ajili ya mwaka 2020. Ibn Qudama, faqihi wa Kihanbali aliyefariki Damascus mwaka 620 Hijria (1223), katika Al-Mughni ametofautisha baina ya hofu inayomhusu mpangaji peke yake na hofu iliyoenea inayowazuia watu wote kukaa mahali pale. Hiyo ya kwanza haimpi kitu. Hiyo ya pili inampa khiyari ya kuuvunja mkataba. Ibn Taymiyya, aliyefariki Damascus vilevile mwaka 728 (1328), alikwenda mbele zaidi: bafu la umma, nyumba ya wasafiri au maduka ambayo manufaa yake yanategemea kuingiwa na watu, wateja wakipungua kwa sababu ya hofu au vita na mfano wake, kodi ipunguzwe kwa kadiri ya manufaa yaliyopungua.

Ama Imamu An-Nawawi (r.a.), naye ni mwalimu wa Damascus aliyefariki mwaka 676 (1277), katika Minhaj ameandika kinyume cha hayo. Aliyekodi bafu akakosa kuni za kulichemshia maji, mkataba wake uko palepale. Sababu iko wazi: alichokikodi ni jengo, na jengo lipo. Wateja hawakuwa sehemu ya mkataba.

Hii ndiyo ibara niliyoisema barazani.

Yaliyotokea Sham na Misri

Mafaqihi hawa hawakuwa wakiandika mambo ya kufikirika. Damascus ilikuwa mji wa wachuuzi. Ibn Battuta, ambaye alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ametusimulia kwamba watu wa Damascus wengi hawakuwa wakipika majumbani, wakila vilivyopikwa sokoni. Amesimulia pia wingi wa wakfu zake: wakfu za wasafiri, za kuwakomboa mateka, za kutengeneza njia, na hata wakfu wa vyombo. Siku moja alimwona kijana mtumwa amevunja sahani ya Kichina mikononi mwake. Watu wakamwambia akusanye vigae ampelekee msimamizi wa wakfu ule. Akaenda akavionyesha, akapewa fedha za kununua sahani nyingine mfano wake. Hasara ya sahani moja ilikuwa na mlango wake wa kulipwa!

Tauni kuu ilipoingia, Ibn Battuta alikuwapo tena. Ilikuwa mwishoni mwa Rabiul Akhir mwaka 749 (Julai 1348). Naibu wa Sultani, Arghun Shah, aliamuru watu wafunge siku tatu na asiwepo mtu wa kupika chakula sokoni mchana. Kisha watu wakatoka kwa miguu kwenda kuomba dua katika Msikiti wa Nyayo, Waislamu na misahafu yao, Mayahudi na Wakristo na vitabu vyao. Siku tatu ni muda mfupi, na mpishi huenda aliuza baada ya magharibi.

Huko Iskandaria mambo yalikuwa makubwa zaidi. Al-Maqrizi, mwanahistoria mkubwa wa Misri, ameandika kwamba kiwanda cha nguo za sultani kilifungwa kwa kukosa mafundi, nyumba ya mawakala wa biashara ikafungwa kwa kukosa wageni, na masoko yakafungwa. Mali za waliokufa bila ya warithi zilikuwa zikiingia katika diwani ya serikali. Kwa hiyo katika mwaka ule hazina ilikuwa na njia ya kupokea kutokana na tauni.

Lakini kisa kinachotuhusu zaidi ni cha Kairo, miaka tisini baadaye, na tauni hiyo Al-Maqrizi aliishuhudia mwenyewe. Yeye hakuwa mwandishi tu. Mwaka 801 (1399) alikuwa muhtasibu wa Kairo, yaani msimamizi wa masoko, mizani na bei, na alijua nani anauza nini na anapata kiasi gani. Katika Ramadhani ya mwaka 841 (Machi 1438) tauni ilikuwa imeingia tena. Sultani Barsbay aliwakusanya makadhi na wanachuoni katika ngome yake, ilipokuwa ikisomwa Sahihi Bukhari kama ilivyokuwa desturi, akawauliza ni dhambi gani zinazoleta tauni. Wakamtajia zinaa, na kwamba wanawake wanatoka mabarabarani wamejipamba. Ikatolewa amri: mwanamke asitoke nyumbani kwake.

Amri ikasimamiwa kwa nguvu. Ikabidi yatafutwe masharti ya kuilegeza, maana vijakazi lazima waende sokoni kununua chakula, na maiti wa kike hawezi kuoshwa na mwanamume. Wanahistoria wa zama zile wametaja kwamba muosha maiti wa kike alikuwa akipewa karatasi ya ruhusa kutoka kwa muhtasibu, akaibandika katika kilemba chake ili askari wamtambue. Msomaji aliyepita vizuizini mwaka 2020 akiwa na kibali mkononi hahitaji kufafanuliwa hili.

Na hapa ndipo ulipojitokeza utaalamu wa mtu wa sokoni. Al-Maqrizi hakuishia kuwataja maiti. Ameandika kwamba amri ile iliwatia katika dhiki kubwa wajane, wanawake wanaoishi kwa kazi za mikono yao, wasio na mtu wa kuwasimamia, na wanaozunguka milangoni kuomba. Kisha akaongeza jambo ambalo wakubwa hawakulifikiria: wauza nguo na wauza manukato wakakosa wanunuzi. Bidhaa zikadoda, masoko yakasimama, chumo likapungua. Watu ambao tauni haikuwagusa walifikiwa na amri.

Sultani Barsbay alifariki mwezi wa Dhulhija mwaka uleule.

Sisemi kwamba kufungwa kwa mwaka 2020 ni sawa na amri ya Barsbay. Kuzuia kuchanganyika watu wakati wa maradhi yanayoambukiza kuna asili katika Sunna, na kisa cha Amirul Muuminina Umar (r.a.) kurudi njiani alipofika Sargh, asiingie Sham yenye tauni, ni mashuhuri kwa kila mwanafunzi. Ninalolisema ni kwamba katika mkutano ule wa ngome waliulizwa wanachuoni nini kizuiwe. Hakuna habari kwamba waliulizwa, au kwamba wao walisema, mjane mwenye kushona atakula nini wiki ijayo. Na jibu lilikuwamo katika vitabu walivyokuwa wakivisomesha.

Ukurasa wa Al-Majmuu

Jibu hilo liko katika kitabu cha An-Nawawi yuleyule wa Minhaj. Katika Al-Majmuu, sherehe yake ya Al-Muhadhab, katika mlango wa mafungu ya zaka, anauliza: fakiri na maskini wapewe kiasi gani? Anajibu kwa kauli ya maswahibu wa madh-habu kwamba wapewe kitakachowatoa katika uhitaji na kuwafikisha katika kujitosheleza. Dalili yake ni Hadithi ya Qabisa bin Mukhariq (r.a.) iliyomo katika Sahihi Muslim, inayowataja watatu waliohalalishiwa kuomba, na mmoja wao ni mtu aliyepatwa na jaiha ikafagia mali yake. Huyo ataomba mpaka apate cha kumsimamishia maisha. Neno ni lilelile la mlango wa matunda: jaiha.

Kisha An-Nawawi anaingia sokoni. Mwenye kazi ya mikono apewe cha kununulia vyombo vya kazi yake, viwe vya thamani ndogo au kubwa. Mwenye biashara apewe mtaji ambao faida yake itamtosha. Na mtaji huo haulingani kwa watu wote. Muuza mboga dirhamu tano au kumi zinamtosha. Muuza vito, ikiwa hawezi kujitosheleza kwa chini ya hapo, atapewa hata dirhamu 10,000. Mwokaji mikate, muuza manukato na mbadili fedha, kila mmoja kwa kadiri yake. Mshonaji, seremala na mchinjaji wapewe cha kununulia vyombo vinavyowafaa watu mfano wao.

Mshonaji ametajwa kwa jina la kazi yake. Yule fundi cherehani aliyekuwa katika duka la tatu la wakfu wetu aliuza mashine yake katika mwezi wa Shawwal ili alipe deni la kodi, akarudi kwao bara. Tulipokea kodi yetu kamili. Nilipokuja kuufungua ukurasa huu duka lile lilikuwa linauzwa vocha za simu.

Zaka ilitolewa katika mji wetu mwaka ule, tena nyingi. Ilitolewa kama tunavyoizoea: bahasha za shilingi mia mbili mia mbili, unga na mafuta kwa foleni. Alhamdulillahi, waliokuwa na njaa walikula. Lakini zaka ya kulisha juma moja na zaka ya kununua mashine ni mambo mawili, na madh-habu yetu yamesisitiza la pili kwa mwenye kazi. Lau wenye zaka watano wangekaa pamoja mwezi wa Shaaban, mashine ile isingeuzwa. Baadhi ya wenye kutoa husema kwamba mtu akipewa nyingi ataharibu. Linawezekana. Ndiyo maana mafaqihi wakasema anunuliwe vyombo, na anayeyajua mahitaji ya fundi ni fundi mwenzake, si mhasibu wa kamati.

Wakati wa kukusanya na wakati wa kutoa

Mwaka wa 18 Hijria (639) ulikusanya misiba miwili: ukame wa Ramada huku Hijazi, na tauni ya Amwas huko Sham iliyomchukua Abu Ubayda na Muadh bin Jabal (r.a.). Abu Ubayd katika Kitabul Amwal amepokea kwamba Umar (r.a.) alichelewesha kukusanya zaka katika mwaka wa Ramada. Watu walipopata mvua, aliwatuma wakusanyaji wachukue zaka ya miaka miwili, moja waigawe hapohapo kwa watu wa mahali pale na nyingine waipeleke Madina. Serikali ndiyo iliyosubiri, na iliporudi ilirudi na fungu la kugawa.

Upande wa mtoaji mambo ni kinyume chake. Abbas (r.a.) alimwomba Mtume (s.a.w.) ruhusa ya kuitanguliza zaka kabla ya wakati wake, akaruhusiwa. Katika madh-habu yetu inafaa kuitanguliza zaka ya mwaka mmoja ikiwa nisabu ipo. Basi tajiri ambaye mwaka wake unatimia Ramadhani, na maduka yamefungwa katika Rajab, hana sababu ya kungoja.

Mdai, mdaiwa na msimamizi wa wakfu

Kwa kuwa imamu ataulizwa mambo haya, nayataja kwa ufupi.

Mwenye nyumba akimwambia mpangaji wake aliyefilisika, "Kodi ya miezi mitatu ninayokudai nimeifanya kuwa zaka yangu," haimtoshelezi, katika kauli sahihi ya madh-habu kama alivyoitaja An-Nawawi. Kusamehe si kukabidhi. Anachotakiwa ni kumpa zaka yake mkononi, na mpangaji akiisha kuimiliki akamlipa deni kwa hiari, inafaa. Lakini akimpa kwa sharti kwamba airudishe, zaka haikusihi na deni halikulipwa. Wakiwa na nia hiyo wote wawili bila ya kushurutishana, haidhuru. Nimeona watu wema wakifanya ile ya kwanza kwa furaha, wakidhani wamekwisha kutoa zaka.

Ama mdaiwa ambaye kweli hana, kumpa muhula ni wajibu, si hisani, kwa aya ya 280 ya Suratul Baqara. Wajibu huo unamhusu mwenye nyumba, na unamhusu msimamizi wa wakfu vilevile. Yule mzee wetu alisema kweli kwamba hatuna mamlaka ya kusamehe mali ya wakfu. Lakini kungoja si kusamehe, na kumfukuza au kumbana asiye na kitu si kuilinda mali ya wakfu. Na deni lile linaweza kulipwa kwa fungu la wadaiwa lililotajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, likiwa deni limefika wakati wake na halikuchukuliwa kwa maasi. Kwa njia hii mpangaji hubaki dukani, wakfu hupata haki yake, na muadhini hupata posho yake, bila ya mtu yeyote kusamehe asichokimiliki.

Limebaki jambo moja ambalo nawaachia walio wajuzi zaidi yangu. An-Nawawi alizungumza juu ya bafu lililokosa kuni, na milango yake ilikuwa wazi. Duka lililofungwa kwa amri ya dola, mpangaji akazuiwa hata kuingia, je, lina hukumu ya bafu lile, au lina hukumu ya kitu kilichokodiwa kisha kikaporwa, ambacho madh-habu yetu yanampa mkodishwaji khiyari ya kuuvunja mkataba? Mimi naliona liko karibu zaidi na hili la pili, kwani manufaa yenyewe yamezuiwa, hawakukosekana wateja tu. Kamati yetu imeomba jibu la maandishi kabla ya kuandika mikataba mipya ya maduka.

Wallahu aalam.